Ukitaka kumjua Mhindi, mtembelee kwao

Mimi na wewe tumekulia katika miji ambamo Mhindi si mgeni. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kati ya mwaka wa 1896 na 1901, wafanyabiashara wengi kutoka Gujarat nao wakaja, na mnamo Julai 2017 serikali ikawatambua Wakenya wa asili hiyo kuwa kabila la 44. Lakini hebu jiulize: umewahi kula chajio katika nyumba ya Mhindi? Wengi wetu tumeishia kwenye kaunta ya duka lake.

Mimi kaunta hiyo niliivukia mbali, katika mji wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, kwa wazazi wa rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja hapa Nairobi. Nakusimulia kwa sababu vijana wetu wengi huenda India kusoma, na huenda siku moja mwenzao wa darasani akawaambia, "Twende nyumbani."

La kwanza ni viatu: viache mlangoni. Watoto wa nyumba huinama kugusa miguu ya wazee, lakini wewe mgeni kuunganisha viganja kifuani kunatosha. Ukiongeza "Kem cho?" ambayo Wanairobi wengi wanaijua, nyumba nzima itaangua kicheko cha furaha.

La pili ni maswali. Una miaka mingapi? Umeoa? Mbona bado? Mshahara ni kiasi gani? Kwetu huo ni utovu wa adabu, lakini katika nyumba ile ilikuwa njia ya kumtafutia mgeni nafasi yake katika jamaa. Kufikia machweo mama alikuwa akiniita "beta", yaani mwanangu, na tangu hapo sikuruhusiwa kulipa hata nauli ya riksha.

La tatu ni sinia. Utawekewa vibakuli vya dengu yenye utamu wa sukari guru, mboga, wali, achari na mtindi mwepesi, pamoja na chapati nyembamba kama karatasi zilizopakwa samli. Usiulizie kuku, kwani nyama haiingii katika nyumba nyingi za Wahindu wa huko. Majirani zao wa dini ya Jaini wengi hata kitunguu na kiazi hawali, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyomo udongoni. Sahani ikipungua itajazwa tena. La kukuokoa ni kuifunika kwa mkono na kusema "bas", ambayo ndiyo "basi" yetu. Gari, dobi na laki pia utayasikia huko, maana ndiko yalikotoka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwao mgeni ni mfano wa Mungu, na jembe hapewi. Siku ya tatu nililiomba mwenyewe: nilimwendea nyanya jikoni nikaomba kibao na kifimbo cha kusukumia chapati. Alinitazama kwa shaka. Chapati ya kwanza ilipovimba motoni aliuliza kupitia kwa mjukuu wake ni nani aliyenifunza. Nikamjibu kuwa ni mama yangu, na kwamba kwetu Krismasi bila chapati si Krismasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi niliambiwa Afrika ni simba na wezi." Nami nikakumbuka tunayoambiana sisi majumbani mwetu kuwahusu Wahindi, nikaona tumelipana.

Jioni hiyo baba alinipeleka kuuona msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa miaka ya 1570, wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa kwa matawi ya mti hadi ukadhani ni kitambaa cha lesi. Huyo Sidi Saiyyed alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. Isitoshe, hadi leo Gujarat ina jamii ya Wasidi, wenye asili ya Kiafrika, ambao wanaongea Kigujarati kama wenyeji wengine.

Sikudanganyi kuwa kila mlango uko wazi. Mnamo Januari 2016 mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania alishambuliwa na umati mjini Bengaluru, na Machi 2017 wanafunzi wa Nigeria walipigwa huko Greater Noida, karibu na Delhi. Wanafunzi Waafrika wamelalamika mara kwa mara kwamba wenye nyumba huwanyima vyumba. Ndiyo maana mwaliko wa nyumbani si jambo dogo. Majirani walipokuja kunikodolea macho, mama hakunificha chumbani. Aliwapa chai, akawaambia, "Huyu ni mwana wetu kutoka Kenya." Maneno hayo yalihitaji moyo, kwani mimi ningeondoka, naye angebaki na majirani zake.

Sasa wewe usingoje tikiti ya ndege. Kazini kwako, darasani mwako au katika jengo unaloishi yumo Mhindi unayemjua kwa jina tu. Mwalike Jumapili moja. Muulize kwanza anachokula, upike maharagwe na chapati, umkaribishe jikoni ajionee. Akikuuliza mshahara wako, mjibu utakavyo, lakini usimkasirikie. Huenda anakutafutia nafasi katika jamaa yake.