Twendeni Sibiloi, Mawe Tuyaache Yalipo

Kila mwisho wa wiki vijana wetu wanapanda Ngong na Longonot kwa makundi, na wenye pumzi zaidi wanaelekea Mlima Kenya. Nafurahi sana kuwaona. Sasa nawaomba mwendo mrefu zaidi: vukeni Marsabit, mkatize jangwa la Chalbi kupitia North Horr, mfike Sibiloi, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Hifadhi hiyo ya taifa ilianzishwa mwaka 1973, ina kilomita za mraba 1,570, na tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni yetu, na wengi wetu tunaijua kwa vitabu vya shule tu.

Ni nchi kavu kwelikweli. Kivuli hupatikana chini ya migunga michache kando ya laga, yale makorongo ya mchanga yanayopitisha maji siku za mvua tu. Utaona choroa na pundamilia kwa mbali, na ziwa linalobadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Ziwa hilo lina mamba wengi, basi hamu ya kujitosa majini mwisho wa safari ya mguu iachwe ufuoni.

Ila hazina ya Sibiloi iko chini ya nyayo zako. Yako magogo ya miti iliyogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, ushahidi kwamba jangwa hili liliwahi kuwa na msitu. Na huko Koobi Fora, ndani ya hifadhi hiyo, mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa Wakenya waliokuwa katika timu ya mtafiti wa visukuku Richard Leakey, aliona vipande vya mfupa vimejitokeza kwenye mteremko. Vipande zaidi ya 150 viliunganishwa, likapatikana fuvu la binadamu wa kale ambalo dunia nzima inalitambua kwa nambari 1470.

Umri wa fuvu hilo ulizua ubishi wa miaka mingi. Lilikuwa limelala chini ya tabaka la jivu la volkano, na jivu hilo ndilo lililopimwa. Vipimo vya mwanzo vilisema miaka milioni 2.6, vilivyokuja baadaye vikashuka hadi chini kidogo ya milioni 1.9. Wataalamu waliweza kurudi na kuhesabu upya kwa kuwa palijulikana vizuri fuvu lilipookotwa, na chini ya tabaka lipi. Lau mpita njia angelitangulia kulitia mkobani, lingebaki mfupa mzuri usio na umri wala ukoo.

Hapo ndipo penye ombi langu, na nalitoa kwa moyo wote. Najua wenye kupiga kambi hawaendi huko kuiba. Tatizo ni mazoea yetu mema ya kambini. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu, hasa usiku, na vigingi vya hema havishiki mchangani. Mtu huinama akaokota mawe ya kukandamizia kamba. Jioni huokota mengine matatu ya mafiga. Katika hifadhi hii jiwe unaloliokota laweza kuwa kipande cha gogo la kale, au mfupa uliogeuka jiwe, au zana iliyochongwa na viumbe waliotutangulia kwa zaidi ya miaka milioni moja. Macho yasiyozoea hayatofautishi.

Kwa hiyo bebeni mifuko mitupu, mkaijaze mchanga wa laga na kufungia kamba za hema. Pikieni jiko la gesi. Kuni zenyewe ni chache na wafugaji wanazihitaji. Pigeni kambi pale tu mnapoonyeshwa na askari wa wanyamapori, na mtembee naye au na mwongozaji wa huko. Wagabra na Wadaasanach wamechunga mifugo katika nchi hizi vizazi na vizazi, wanajua laga lipi hujaa ghafla na mahali gani pana kivuli saa saba mchana. Walipeni ipasavyo na muwasikilize.

Maji msiyapunje: kwa mtu anayetembea juani, lita tano kwa siku si nyingi. Anzeni mwendo alfajiri, mpumzike jua linapokuwa kali. Safirini kwa magari mawili ikiwezekana, na mafuta ya ziada, na msiikabili Chalbi wakati wa mvua, kwani tope lake hukwamisha hata magari yenye nguvu.

Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana, Sibiloi ikiwemo, katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa hofu ya mabwawa ya Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa. Mahali pasipotembelewa hakuna wa kupasemea, na ndiyo maana natamani muwe wengi.

Viongozi wa vikundi, ingizeni Sibiloi katika ratiba ya mwaka ujao. Na mtakapoona mfupa umejitokeza ardhini, msiuguse. Upigeni picha, andikeni mahali ulipo, mwambieni askari wa hifadhi au Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha endeleeni na safari yenu.