Bato ya raia si siri ya inchi

Tarehe 3/10/2024 bato Merdi, yenye kutoka Minova, ilizama Kituku, ku Goma, ikiwa karibu kufika. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema walipanda watu 278. Nafasi ilikuwa ya 80. Sisi wa Lubumbashi tuliona juu mutu alichukua video na telefone. Lakini kule Minova, mbele ya safari, foto iko wapi?

Mimi nilijaribu, ku bandari moja ya Tanganyika. Bato ilijaa mpaka juu ya paa. Askari akanishika mukono: futa ao lipa. Nilifuta (mutu bila kazi atalipa na nini?). Eti siri ya inchi! Magunia ya mihogo na bamama wenye watoto mugongoni?

Waziri wa usafiri aandike wazi: foto ya bato ya raia haikatazwe, hailipwe.