Elimu ya Nafsi si ya Mwalimu Peke Yake

Msomaji kijana, nina swali kwako. Shuleni wafundishwa mapigo ya moyo na mizizi ya mhindi. Waelezwa pia jinsi kasoko ya Menengai, jirani yetu sisi wa Kiamunyi, ilivyofanyika. Je, ni somo gani lililokueleza habari za hofu yako, hasira yako na usahaulifu wako? Hapana hata moja.

Mimi nilifundishwa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu, katika chuo cha ualimu. Nilisoma kwamba mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kuwa mengi tujifunzayo hupotea upesi, na kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hushinda kurudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Hata hivyo, nilipoanza kazi nilimwita mzito mvulana aliyekesha akisoma, akaingia mtihanini hana kitu kichwani. Dawa yake nilikuwa nayo, wala sikumpa. Kosa lilikuwa langu. Lakini ni kosa pia la mpango unaompa mwalimu ufunguo na kumnyima mwenye nyumba. Mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka 1989 ulikuja bila karatasi ya saikolojia.

Wako wanenao kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, basi haina haja ya kufundishwa. Kweli, lakini hata nywele huhitaji kitana. Wengine hulalamika kuwa ratiba imejaa. Kipindi kimoja kwa juma ni kidogo kuliko saa zinazopotea kwa kukesha bure.

Wengine tena husema elimu hii ni ya Wazungu. Hao nawajibu kwa habari ya hapa petu. Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa yake juu ya Mau Mau, iliyotafuta chanzo cha vita katika nafsi zilizovurugika, hali mashamba haya ya Nakuru yalikuwa ndani ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alimpinga Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961. Aliweza kwa kuwa yeye naye alikuwa daktari wa akili. Silaha hujibiwa na aliyejifunza kuishika.

Leo saikolojia yafundishwa katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, safari fupi kutoka hapa. Lakini ni wangapi katika darasa lako watakaofika huko? Na hao wengine, waishi na nafsi wasiyoijua?

Basi, kijana, lidai somo hili kwa adabu na bila kuchoka. Mtu asiyejisoma husomwa na wengine, naye hana njia ya kujua kama wamemsoma vibaya.