Bao, kompyuta na mjomba wangu wa Chewele

Leo ni bao: mashimo 32, kete 64. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walitengeneza programu ya kucheza bao. Kimojawapo cha vipimo vyake vya kukadiria nani anaelekea kushinda kilinolewa kwa algorithimu ya kijeni.

Nami nikajaribu. Unaanza na vipimo vya kubahatisha: kete za mbele zina uzito gani? Nyumba je? Unavishindanisha, washindi wanazaliana, watoto unawabadilisha kidogo, unarudia. Baada ya vizazi 200 nikajiona bingwa, nikapeleka laptopu Chewele kwa mjomba. Akaivizia nyumba ya kompyuta, akaila yote. "Mpwa wangu, huyu kafundishwa na nani?"

Na wajinga wenzake! Alijifunza kuing'ang'ania nyumba kwa sababu hakuna mwenzake aliyejua kuishambulia.

Maoni yangu: algorithimu haina kosa, kosa ni mwalimu. Tuandike michezo ya wazee wetu, kete kwa kete, tuvipime vipimo vyetu kwayo. Mzee akiondoka, huondoka na bao lake. Mnaonaje?