Treni ya Uwanja wa Ndege, Nauli ya Nani?

Tarehe 6 Juni 2015 jijini Toronto, Kanada, ilizinduliwa treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Pearson. Ilikuwa treni nzuri hasa. Dakika 25 kutoka Union, stesheni kuu ya katikati ya jiji, na inaondoka kila baada ya dakika 15. Sehemu ya begi ipo, intaneti ya bure ipo. Nauli: dola 27.50 kwa anayelipa keshi, dola 19 kwa mwenye kadi. Wenye treni walijiwekea lengo la kufikisha abiria 5,000 kwa siku ndani ya mwaka mmoja. Januari iliyofuata walikuwa wanapata kama 2,000 hivi. Mabehewa yanakwenda na kurudi yamebeba hewa.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu hapa kwetu watu wameshaanza kuota. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kijiwe chochote cha chuo ukikaa dakika kumi utasikia mtu anasema sasa kilichobaki ni treni ya kuingia moja kwa moja Terminal 3. Ndoto nzuri, na mimi ninayo. Ila nikisikiliza mazungumzo yenyewe, nasikia habari za kasi, viyoyozi na viti. Nauli haitajwi. Na hao wa Toronto hawakuangushwa na viti.

Nilipokuwa BTP mwaka jana nilipewa kidato cha kwanza, mada ya uwiano, faida na hasara. Mifano ya kitabuni ilikuwa imewachosha, maana ni yule yule mfanyabiashara aliyenunua machungwa. Nikawaletea hii ya Toronto. Nikaandika ubaoni: treni dola 27.50 kwa mtu mmoja, teksi kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji tuseme dola 55. Nikawauliza, nani apande treni? Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima alikuwa hajanyanyua mkono, akasema: "Mwalimu, inategemea wako wangapi." Wakaanza kupiga hesabu. Mtu mmoja, treni inamfaa. Wawili, ngoma droo. Watatu, treni ni dola 82.50 na teksi bado ni ile ile 55, tena inawashusha mlangoni. Mama mwenye watoto wawili na mabegi manne, wakasema darasa zima, apande teksi.

Dakika kumi na tano za kipindi, watoto wa miaka kumi na nne wameona kitu ambacho wapanga nauli wa mradi wa dola milioni 456 hawakukipa uzito. Treni inauza kichwa, teksi inauza gari. Ukipanga nauli ya treni kwa kuitazama teksi, umeshamchagua abiria wako: mtu mmoja, begi moja dogo, na risiti italipwa na kampuni yake. Huyo mtu yupo, lakini si wengi kiasi cha kujaza treni kila baada ya dakika 15 kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Na ndivyo walivyokuwa wamekusudia, tusiwasingizie. Treni ile ilipangwa kuwa huduma ya juu kwa wasafiri wa biashara, ijilipie gharama zake za uendeshaji yenyewe. Katikati ya njia wakati huo kulikuwa na stesheni mbili, Bloor na Weston. Weston ni eneo la watu wa kipato cha kawaida, wengi wahamiaji. Wamevumilia ujenzi, halafu treni ikaanza kupita kwao kila robo saa, nusu tupu, kwa bei ambayo haikupangwa kwa ajili yao.

Februari 2016, wikiendi ya sikukuu moja ya kule, wakaruhusu watu wapande bure. Treni zikafurika, watu wakaachwa kwenye majukwaa. Wale wanaosema "wananchi hawana utamaduni wa kupanda treni" wangekwenda kusimama pale stesheni siku ile. Tarehe 9 Machi nauli ikashushwa: dola 12 kwa keshi, 9 kwa kadi, na kwa wale wa Bloor na Weston wanaokwenda mjini ikawekwa sawa na treni nyingine za mkoa. Haukupita mwaka, abiria wakazidi maradufu.

Najua atakayesema: sawa, lakini ruzuku nayo ikabaki. Kweli. Lakini fikiria treni inavyokula hela. Dereva analipwa, umeme au dizeli inatumika, reli inakaguliwa, stesheni inafagiliwa, behewa liwe na watu kumi au mia. Kiti kilichoondoka kitupu hakiwezi kuuzwa kesho, si mchele huo wa kurudisha stoo. Kwa hiyo nauli kubwa inayofukuza watu haiokoi hela ya serikali. Inachofanya ni kuhamisha faida ya ruzuku: mlipa kodi analipia treni asiyoipanda, ili yule mmoja mwenye risiti ya kampuni akae kwa nafasi.

Afrika Kusini wanalijua hili kwa uchungu. Gautrain ilianza tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, na njia ya kwanza kufunguliwa ilikuwa ile ya Sandton kwenda uwanja wa OR Tambo. Kama dakika 15 umefika. Nauli ilikuwa rand 100, na leo imeshapita 200. Sasa angalia hii: kituo kimoja tu kabla ya uwanja panaitwa Rhodesfield. Ukishukia hapo, nauli inashuka sana. Reli ni ile ile. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni ule mlango wa mwisho. Matokeo yake wapo wanaoshuka Rhodesfield na kumaliziwa na ndugu mwenye gari. Ukiona watu wazima wanahangaika kuukwepa mlango mmoja, jua bei ya mlango huo ina tatizo.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Gautrain ni safi, ni salama, na inafuata ratiba, na kwa jiji lenye foleni na hofu za Johannesburg hayo si madogo. Ila mkataba wake ulimhakikishia mwendeshaji kipato cha chini: abiria wasipofika kiwango, serikali ya jimbo la Gauteng inajazia. Na imekuwa ikijazia zaidi ya rand bilioni moja kwa mwaka. Hiyo hela ni pamoja na ya mama wa Soweto anayepanda kombi na ambaye Gautrain haifiki kwake kabisa.

Sydney nao walikuwa na mlango wao. Njia ya treni ya uwanja wa ndege ilifunguliwa Mei 2000, kuwahi Olimpiki ya Septemba, na stesheni za uwanjani zikakabidhiwa kampuni binafsi iliyoruhusiwa kutoza ada ya kuingia au kutoka, juu ya nauli ya kawaida. Abiria wakawa pungufu kuliko walivyopigiwa hesabu, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikawa mikononi mwa wadai. Ada ilikuwa inatozwa hata Mascot na Green Square, ambako hakuna ndege, kuna watu wanaishi tu. Machi 2011 serikali ya jimbo ikaondoa ada kwenye stesheni hizo mbili na abiria wakaongezeka kwa kasi. Pale uwanjani penyewe ada ipo mpaka leo, zaidi ya dola 15 za kwao kwa mtu mzima. Angalau wameweka kikomo cha wiki, ukishalipa kiasi fulani hudaiwi tena. Kikomo hicho kinamsaidia nani? Anayesafiri kwenda likizo anapita mara moja. Kinamsaidia anayefanya kazi pale.

Mwenzangu wa chumbani, anayesoma biashara, haniungi mkono. Anasema mtu mwenye hela ya tiketi ya ndege ashindweje kulipa elfu kumi na tano ya treni? Wenye nacho walipe, hela hiyo ipunguze nauli ya mwendokasi ya Mbagala. Hoja yake si ya kupuuza. Lakini ina dhana moja ndani yake: kwamba anayekwenda uwanja wa ndege ni anayepanda ndege.

Binamu yangu anafanya usafi kwenye uwanja wa ndege. Hajawahi kupanda ndege. Zamu yake ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, na anakaa mbali, huko ambako daladala ya kwanza ukiikosa umeshachelewa. Kwa wiki kama mara mbili anapanda boda gizani, na siku hiyo nusu ya alichopata kimeishia barabarani. Sasa tupige hesabu kama wale watoto wangu. Mtu anayesafiri kwenda Mwanza mara mbili kwa mwaka anapita njia ya uwanjani mara nne. Binamu yangu, siku 25 kwa mwezi, kwenda na kurudi, anapita mara 600. Weka na walinzi, wapishi, wapakia mizigo, wauza vocha, madereva, wahudumu wa dawati. Ukikaa mlangoni uhesabu miguu badala ya tiketi za ndege, mteja wako wa kila siku ni huyu. Na ndiye anayekuja hata msimu wa watalii ukiwa umeisha.

Kwa hiyo kwa mwenzangu nasema hivi: mtoze msafiri zaidi, sina ugomvi. Lakini usimtoze mlangoni kwa bei moja inayomkamata na mfagiaji. Weka tiketi ya mwezi kwa bei ya njia ya kawaida, ipatikane kwa mtu yeyote, siyo mpaka alete barua ya mwajiri. Wafanyakazi wengi wa pale wameajiriwa na wakandarasi, na barua ya mkandarasi tunaijua, utaisubiri mpaka mkataba uishe. Weka nauli ya familia, mtoto asilipe kama mkurugenzi. Na treni ya kwanza iwahi zamu ya kwanza. Hilo la ratiba halionekani kama suala la nauli, lakini treni inayoanza saa kumi na mbili kwa mtu anayeingia kazini saa kumi na mbili ni sawa na kumwambia aendelee kulipa boda.

Na sisi? Ngoja nitutetee na sisi kidogo, si dhambi. Punguzo la mwanafunzi kwenye daladala tunalijua: shilingi 200, na konda anaangalia sare. Ukimaliza kidato cha sita ukavua sketi ya bluu, umevua na nauli. Hakuna siku bumu limeongezeka kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa chuo anayetoka Kigoma au Bukoba akabahatika kununuliwa tiketi ya ndege na kaka yake, akishuka pale na begi lake la shangazi kaja, teksi inaweza kumgharimu hela ya kula ya siku nne. Mfumo wa kadi ungeweza kumtambua kwa kitambulisho chake bila sare yoyote. Ni suala la kuliandika mapema kwenye masharti, kabla mashine hazijanunuliwa.

Hilo "mapema" ndilo linalonisumbua. Dar haina reli inayoingia uwanja wa ndege, lakini barabara ya mwendokasi ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto inapita pale pale mbele yake, na mipango ya usafiri wa jiji hili haijaisha. Nauli hizi hazishuki kutoka mbinguni. SGR ilipokaribia kuanza, LATRA iliitisha maoni ya wadau kabla ya kutangaza shilingi 13,000 kwenda Morogoro na 31,000 kwenda Dodoma kwa treni ya kawaida. Mikutano ya namna hii ni ya wazi, na mtu yeyote anaweza kuandika maoni akayapeleka. Serikali yetu ya wanafunzi ina waziri wa mikopo, ina waziri wa michezo, na kila mwaka tunachagua hata wa burudani. Sijawahi kusikia imepeleka ukurasa mmoja kwenye maoni ya nauli, ya njia yoyote, wakati nusu ya malalamiko ya bweni letu ni nauli.

Ukurasa huo naweza kuuandika. Nitaweka hesabu ya wale watoto wa kidato cha kwanza, nitaweka Rhodesfield, nitaweka zile safari 600. Nahitaji mtu wa takwimu na mtu wa sheria wa kuupitia, chakula cha mchana nitanunua mimi, wali maharage. Halafu atafutwe wa kusimama pale mkutanini kuuliza treni ya kwanza, au basi la kwanza, litafika uwanja wa ndege saa ngapi.