Kofia ya Ngozi ya Chui

Mwezi Agosti 1965 Che Guevara alifika Fizi. Jenerali Moulane alimpokea akiwa amevaa kofia ngumu ya pikipiki iliyovikwa ngozi ya chui. Wakuba wakamtania kuwa ni mtu wa kwenda angani. Gwaride likapigwa, hotuba zikatolewa. Nani asingefurahi? Lakini nyuma ya gwaride mafunzo yalikuwa haba, na Kabila, mkubwa wa upande huo, alikuwa ng'ambo ya ziwa. Julai alikaa Kibamba siku chache tu.

Mwisho wa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka majini. Pale vijana wetu walipigana kweli, siku kadhaa, na hao hatujawasikia wakisifiwa kwa mavazi. Fizi, mji wa gwaride, ulichukuliwa tarehe 10 Oktoba karibu bila vita.

Hatumcheki Jenerali. Hata leo, mkubwa akitangaza safari, tunafagia njia asubuhi ile ile na kuwapanga watoto waimbe. Anarudi mjini akiamini hatuna shida. Basi akija tena, mpelekeni kwanza zahanati, afungue kabati la dawa kwa mkono wake.