Maji Yafaayo kwa Divai ya Nyumbani

Katika jamaa nyingi za Kivu, siku ya ndoa au ya ubatizo ikikaribia, divai ya mananasi hutengenezwa nyumbani. Mama huchagua matunda yaliyoiva vema, hupima sukari kwa uangalifu, lakini maji huyateka po pote. Ndilo neno tunalotaka kulitazama leo. Kwa litri 5 za divai twahitaji kilo 2 za mananasi, kilo 1 ya sukari, na maji litri 3 na nusu. Basi anywaye divai hiyo hunywa maji zaidi ya kitu kingine cho chote.

Wako wasemao: «Pombe huua vijidudu, kwa hiyo maji yo yote yafaa.» Tusidanganyike. Divai ya nyumbani si kali kama dawa ya kuoshea vidonda, na siku za kwanza haina ukali kabisa. Tena sumu iliyoyeyuka katika maji haifi, kwa kuwa haina uhai. Watu wa Goma hawajasahau Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi kwa ajili ya maji machafu. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: maji tusiyothubutu kumpa mtoto wetu anywe, tusiyatie katika divai. Tuyateke kwenye chemchemi iliyojengewa vizuri au kwenye bomba, tuyachemshe, kisha tuyaache yapoe katika chombo safi chenye kifuniko.

Lakini hata maji yafaayo kunywewa yaweza kuharibu divai. Tujihadhari na mambo matatu.

La kwanza ni klori, dawa itiwayo katika maji ya bomba ya mijini. Dawa hiyo ni njema, maana hulinda afya ya watu; lakini hudhoofisha chachu, na ikikutana na maji ya matunda huleta ladha ya hospitali. Kuiondoa si kazi kubwa: tuchemshe maji kwa robo saa bila kifuniko, kisha tuyafunike yakipoa.

La pili ni chuma. Maji ya visima vingine hutoka meupe, na baada ya saa chache huwa na rangi ya kutu. Mwanafunzi aweza kuyapima: ayamimine kidogo katika chai kavu iliyopoa. Chai ikigeuka nyeusi kama wino, chuma ni kingi, na divai nayo itaharibika rangi na kuwa na ladha ya msumari. Tuyamimine maji hayo mara nyingi toka ndoo hii hata ndoo ile, yapate hewa. Tuyaache yatulie hata kesho yake, tuyachuje kwa kitambaa kizito, ndipo tuyachemshe.

La tatu ni chokaa na magadi. Sabuni isipotoa povu, au sufuria ikishika ukoko mweupe, maji ni magumu. Maji ya ziwa Tanganyika, wanayoyateka watu wa Uvira na Kalemie, yana hali ya magadi. Maji ya namna hiyo hupunguza uchungu wa tunda, na uchungu huo ndio ukuta wa divai: ukipungua, vijidudu viharibifu huingia kwa urahisi. Kuchemsha huangusha sehemu ya chokaa chini ya sufuria. Magadi hayatoki hivyo. Hapo tuongeze maji ya malimau, kidogo kidogo, hata tuonje uchungu wa kupendeza ulimini.

Na maji ya mvua je? Ni laini, nayo yafaa, ikiwa bati ni safi, halikupakwa rangi, na mvua ya kwanza imeachwa ioshe paa. Lakini karibu na mlima Nyiragongo tuwe na mashaka. Moshi wa mlima ule hutia katika mvua floridi, ambayo ikizidi huwatia watoto madoa katika meno. Kuchemsha hakuiondoi, kwa kuwa maji hupungua, nguvu yake huzidi. Huko yafaa kutafuta maji mengine, hata kama ni kwa mwendo mrefu.

Divai hii si ya Misa, maana Kanisa lataka divai ya zabibu iliyo halisi. Ni kinywaji cha meza ya nyumbani, kinywewe kwa kiasi. Lakini mgeni apokeaye bilauri mikononi mwetu hawezi kuona maji yalikotoka. Yeye hutuamini tu. Basi, kabla ya kumenya nanasi la kwanza, tuyatazame maji, tuyanuse, tuyapime kwa chai na kwa sabuni. Yakitutia shaka, tubebe ndoo twende chemchemi nyingine.